Mashini ya Moyo, Siyo ya Mimba

Mama yangu mpenzi,

Usinikasirikie kwa miezi hii minne bila barua. Kila nikishika kalamu nilitafuta kwanza habari nzuri ya kutanguliza, na haikuja. Magoti yako yanaendeleaje? Na baba, tata wetu, amemaliza kulima? Dorcas wetu anatembea sasa, lakini kumbeba mgongoni siwezi. Nikifika bombani, pumzi imeisha.

Unajua moyo wangu ulichoka tangu nilipomzaa. Juzi daktari wa hapa Kolwezi alitaka kujua kama utapona. Alinilaza kando ya mashini ya picha, ile ya ekografi, akatia dawa ndani ya mshipa.

"Mama, dawa hii itakimbiza moyo kama vile unapanda mulima, nawe unalala tu."

Mama, ulikimbia! Nilishika chuma cha kitanda nikaita jina lako. Yeye anaangalia mashini tu. Kisha akaizima.

"Moyo wenye akiba unaongeza nguvu. Wako umeongeza mbio tu. Kwa dawa utaishi, lakini kupona kabisa, sioni. Na mimba ingine itakuua."

Sasa sikia. Mama mkwe alikuwa amenisindikiza. Aliponiona naingia chumba cha ekografi, mahali wanapoangalia mimba pia, akapanda pikipiki ya taxi-moto, akarudi kutangaza kwamba nina mimba. Nilipofika nyumbani Dilala, majirani wakanipokea na vigelegele.

"Ni mwanaume ao mwanamuke?" mama mkwe akauliza.

"Mama, ni moyo balikuwa banaangalia."

"Moyo? Na mashini ya batoto? Usinidanganye, mi nilizaa tisa!"

Nikamweleza mbele ya wote. Akasema mi ni mvivu wa kuzaa, eti nimehonga daktari. Mume wangu akaangalia viatu vyake: "Tutaomba Mungu." Basi aombe. Mi nimehamisha godoro langu kwa Dorcas. Sitamwacha mtoto wangu yatima ili avenue yetu, mtaa mzima, ipate kusherehekea. Lakini humu ndani neno langu ni la mtoto. Wakwe wanasikia wazazi wenzao tu.

Nisalimie dada yetu mkubwa, yaya Clémence, na wadogo zetu, pia mjomba fundi wa baiskeli.

Nitumie kwa treni: unga wa muhogo, samaki wakavu wasiotiwa chumvi kabisa maana nimekatazwa, viatu vya Dorcas, na tata mwenyewe, amevaa koti lake la kanisani, aje awaambie: binti yetu amemaliza kuzaa.

Mtoto wako,
Odette