Ninaamka Kukojoa, Simwashirii Adui

Jumapili, Bulengera. Mvua imenyesha tangu asubuhi, lakini hasira yangu haijapoa.

Mimi ni mjane, mwalimu mstaafu. Choo chetu kiko nyuma ya nyumba, kwa hiyo nikibanwa na mkojo usiku huwasha tochi na kutoka. Hilo ndilo kosa langu.

Jana, katika mkutano wa mtaa, chef wetu wa avenue, mkuu wa mtaa, alinigeukia mbele ya majirani wote. "Mwalimu, ile taa inatembeaka kwako usiku ni ya nini? Batu banasema unaonyeshaka adui njia."

Tangu watu waanze kutukimbilia kutoka vita vya upande wa Beni, neno kama hilo laweza kuchomesha nyumba.

Mwanangu Kambale akaninong'oneza, "Mama, nyamaza. Tutakununulia ndoo ya ndani, maneno itaisha."

Ndoo! Nijifiche kama mwizi kwa sababu ya kibofu?

Nikasimama. Nikasema wazi kwamba ninaamka kukojoa, mara tatu hata nne kwa usiku. Vijana wakacheka. Jirani yangu Masika akapaza sauti: "Lakini Mwalimu, ile ni ugonjwa ya bazee banaume!"

"Mwanamke hana kibofu?" nikamuuliza.



Nikawaeleza kama muuguzi wa kituo cha afya alivyonieleza: kukatizwa usingizi na haja ndogo kila mara ni dalili, na dalili ina chanzo. Huenda ni chai ya jioni, sukari katika damu, moyo, au miguu inayovimba mchana na kuachia maji mtu akilala. Kwa wanaume, huenda ni tezi dume. Chanzo hupimwa, hakikisiwi. Mimi nitapimwa sukari Jumatatu.

Nakiri hapa: majibu nayaogopa. Kuuawa kwa ajili ya kuona haya nakuogopa zaidi.

Baada ya mkutano, chef alinifuata hadi mlangoni, kofia mkononi. "Mwalimu, ule muuguzi anapimaka saa ngapi? Hata miye, usiku silalake."

"Asubuhi. Lakini kwanza uwaambie watu taa yangu ni ya nini."

Leo, wakati wa matangazo kanisani, aliwaambia. Alieleza habari za kibofu changu kwa ufasaha. Za chake hakuzitaja.

Shauri lake. Kesho tutakaa benchi moja la kituo cha afya, watu watamwona.

Na usiku huu tochi itawaka.