Mama Mkwe Kaning'arishia Sufuria, Sasa Nadaiwa Radhi

Mpendwa Bi Khole,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na naomba unisikilize mpaka mwisho maana hapa ninaandika kwa hasira, kwani mume wangu Sylvester ameniletea ujumbe kwamba nikitaka kurudi kwake sharti kwanza nipige magoti mbele ya balozi wa nyumba kumi nimwombe radhi mama yake, mimi niliyeharibiwa mali yangu ndiye niombe radhi, hii ni haki ya wapi?

Sisi ni wakulima wa tumbaku, na tangu mwaka jana tumehamia kijiji kipya cha ujamaa karibu na Usoke, nyumba zimepangwa mstari kama mabehewa, kila mtu anamwona mwenzake anapika nini, na mama mkwe wangu, Mama Josepha, ambaye ni mjane, tulimtoa kule porini kwenye mji wake wa zamani tukaja naye. Tulipouza tumbaku nikamwambia Sylvester mwaka huu mimi sitaki kitenge, nataka sufuria moja ya maana, kwa sababu hizi nyembamba tunazonunua gulioni ukigeuza ugali mara mbili zimebonyea na maharage yanaungua chini huku juu bado mabichi. Tukaenda Tabora mjini, dukani kwa Mzee Hamdun pale Kanyenye, nikaichagua mwenyewe, nikaipima kwa mkono nikaona ni nzito, nikaiweka juu ya meza nikaona haiyumbi, mkono wake umepigwa ribiti na si wa kuchomelea, mfuniko umekaa sawasawa, na rangi yake ni kijivu cha giza, karibu na nyeusi, ndani na nje. Mzee Hamdun akatuambia wote wawili, mimi na mume wangu, tena akarudia, kwamba giza lile si rangi wala si masizi, ni ngozi ngumu ambayo alumini inatiwa kwa umeme huko kiwandani ng'ambo, ndiyo inayofanya chakula kisigande, kwa hiyo tusiisugue kwa mchanga wala majivu, wala magadi yasiiguse.

Bi Khole, niliitunza ile sufuria kama mtoto mchanga. Nilikuwa naipaka udongo kwa nje kabla ya kuiweka kwenye mafiga ili masizi yasishike, nakorogea mwiko wa mti tu, naiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kisha naianika kwenye kichanja na vyombo vingine. Hapo kichanjani ndipo balaa lilipoanzia, maana unajua kwetu mwanamke anapimwa kwa vyombo vyake, wapita njia wakienda kisimani wanaangalia kichanja, sufuria zikimetameta wanasema humu kuna mke, na yangu ilikuwa imekaa katikati ya zile nyingine imefifia, basi mama mkwe akaanza kulalamika kwamba watu watasema mkwe wake ni mvivu. Nikamwambia, "Mama, ndivyo ilivyo." Nikadhani yameisha.

Ikatangazwa kwamba bwana afya atakuja kukagua vyoo na vichanja, na siku hiyo ilikuwa zamu yetu ya shamba la kijiji, nikaenda na jembe langu. Niliporudi jioni nikamkuta mama amekaa chini, amenyoosha miguu, mikono imechubuka, na sufuria yangu iko kichanjani juu kabisa inang'aa kama kioo mahali pengine, na mahali pengine ina mabaka. Alikuwa ameiloweka kwenye maji ya magadi tangu asubuhi, kisha akaisugua kwa majivu, mchanga na gunzi la mahindi kutwa nzima! Na majirani amewaita waje waone. Akaniambia huku anacheka, "Umeona, mayu? Ilikuwa uchafu tu." Na Sylvester alikuwa hapo hapo barazani anafunga tumbaku yake, alimwona mama yake tangu anaanza, nilipomuuliza akasema mambo ya jikoni yeye hayamhusu.

Nilipandwa na hasira, Bi Khole, sikatai. Nilisema mbele ya wale wanawake kwamba mama huyu ni mchawi, hapendi kuona mtu ana kitu chake kizuri, ndiyo maana watoto wake wote walimfia akabaki huyu mmoja. Nikabeba sufuria yangu nikapanda gari moshi kuja kwa kaka yangu Tobias hapa Kanyenye, na ndipo nilipo mpaka leo.

Na wala usidhani ni mimi peke yangu niliyemwona alivyo, maana jirani yetu Apolinaria alikuja mjini juzi akaniambia kwamba wanawake siku hizi hawaendi tena kuchukua makaa ya moto kwa mama mkwe, akifika kisimani wenzake wanaondoka, na ndama wa Lugembe alipokufa watu walikaa kikao wakamtaja yeye. Sasa mimi niombe radhi ya nini, wakati kijiji kizima kimeona? Na je, sufuria yangu ina dawa?

Ni mimi Bernadeta,
Kanyenye, Tabora.

*

Marahaba, Bernadeta.

Naanza na sufuria kwa sababu ndiyo jambo dogo. Haina dawa. Ngozi ile ikishatoka hairudi, na fundi yeyote atakayekuambia anaweza kuirudisha anataka kukuibia. Magadi na majivu yanaila alumini, hasa ukiloweka, na mchanga unamalizia. Hukuichagua vibaya, tena nakusifu: uzito, kitako kilichotulia, ribiti, mfuniko, yote uliyaangalia, na wanawake wengi wa hapa mjini hawajui hata nusu yake. Itumie sasa kama sufuria ya kawaida. Chemshia maji, pikia ugali na wali. Usipikie ukwaju, ndimu wala nyanya nyingi, na usilaze chakula humo. Ni nzito bado, itakuzika.

Sufuria basi. Sasa nikae vizuri, maana wewe umeandika kwa hasira na mimi nakujibu kwa hasira zaidi.

Umenijazia ukurasa mzima kwa habari ya ribiti na mfuniko, halafu huku mwishoni ukanitupia maneno machache kwamba umemwita mama wa watu mchawi mbele ya majirani, kama mtu anayesema alisahau chumvi. Subhanallah! Bernadeta, wewe umezaliwa nchi gani? Hujui neno hilo linafanya nini huku kwetu? Mwanamke mzee. Mjane. Amezika watoto. Ametolewa kwenye mji wake, amewekwa kwenye mstari wa nyumba pamoja na watu ambao mwaka juzi hawakumjua hata jina, kila mmoja amefika na hofu zake. Na bila kumwona nakuambia macho yake ni mekundu, si kwa uchawi kama watu wasemavyo, ila kwa sababu ameinamia moshi wa kuni tangu hujazaliwa. Katika kijiji chenye hofu namna hiyo kinachokosekana ni mtu mmoja tu wa kulisema neno kwanza. Ukalisema wewe. Mkwe wake, anayekula naye, na mtoto wa nyumba akisema, nani atabisha?

Unasema kijiji kizima kimeona. Hawakuona kitu, mwanangu, wamesikia kwako! Kabla ya siku ile walikuwa wanachukua makaa kwake. Ndama wamekufa tangu enzi za misafara kupita hapa, na hakuna aliyemuuliza Mama Josepha. Leo kikao kimekaa. Unajua kikao cha pili kinaamua nini? Mimi nimezaliwa Tabora nikazeekea Tabora, na majina ya wanawake waliokutwa asubuhi milango yao imevunjwa ninayo kichwani, sitayaandika hapa kwa heshima ya watoto wao.

Na yule mama alifanya nini? Alisikia bwana afya anakuja. Aliogopa wewe usije ukaaibishwa. Akasugua kutwa nzima mpaka mikono ikachubuka, mtu mzima yule, kisha akaita watu waje waone jinsi mkwe wake alivyo msafi. Alikosea, ndiyo, na ulimwambia, ndiyo. Lakini "ndivyo ilivyo" si maelezo. Maneno ya Mzee Hamdun ungemweleza kama ulivyonieleza mimi, angekuelewa, kwani ni mama, si jiwe. Wewe uliona haya gani?

Wewe Sylvester, najua utasomewa barua hii. Ulikuwepo dukani. Uliambiwa, ukarudiwa. Ukakaa barazani unamwona mama yako anatoka jasho akiharibu kitu ambacho wewe peke yako hapo nyumbani ulijua kinaharibika, na kauli ya "mama, acha" ikakushinda, eti mambo ya jikoni! Halafu unatuma masharti ya magoti. Tangu leo usilale shambani kama wafanyavyo wakulima wa tumbaku. Lala nyumbani, na mama yako akienda kisimani mpeleke wewe, ndoo ubebe wewe, na wanaume wenzako wakicheka waache wacheke. Na kwa balozi nenda leo hii, umwambie waziwazi unahofia mama yako atafanywa nini, ili likitokea jambo asiseme hakujua.

Bernadeta, jibu langu hili nimelituma kwa mkono kwa kaka yako kabla gazeti halijachapwa, maana jambo hili halingoji gazeti. Nalichapa kwa ajili ya wengine wenye midomo kama yako.

Hutaomba radhi kwa ajili ya sufuria. Hiyo ni yako na uliumia, nakupa haki yako yote. Utaomba radhi kwa ajili ya neno. Panda gari moshi la Kigoma, ushuke Usoke mchana watu wakiwa macho. Usipite njia ya nyuma. Nenda kwa balozi, mwombe awakusanye wanawake wale wale waliokusikia, na Lugembe mwenye ndama awepo. Sema: "Nilisema uongo kwa hasira. Mama huyu hana ubaya wowote, ubaya ulikuwa kwenye mdomo wangu." Sema kwa Kiswahili, kisha urudie kwa Kinyamwezi, asije mtu akasema hakuelewa. Usiongeze "lakini". Nakujua kwa barua yako, utataka kuongeza "lakini".

Kisha mama apike yeye, na wewe ule mbele yao, hapo nje, chakula cha mkono wake, umalize. Na kesho yake ule tena, na keshokutwa, mpaka wale wanawake waone aibu ya kupita bila kumsalimia.

Magoti ya Sylvester yasikuumize kichwa. Ukiwa bado mbali, kabla hujaingia kwenye mstari wa nyumba, paza sauti uamkie, "Shikamoo, mama!" nyumba zote zisikie. Na ukisikia sauti yake inakuitikia marahaba, ujue umepewa bahati ambayo hukuistahili.