Kipa wa Padi ya Pili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi hajambo? Na huo mgongo wako, bado unazisingizia ngazi za kazini, au umekubali kwamba ni uzee? Mimi mzima, tena nina furaha hadi nimeona simu haitoshi, nikanunua karatasi. Usicheke.

Nilikwambia nimechoka kusimama nyuma ya mashine ya fotokopi. Basi, mhariri mmoja wa kurasa za michezo, mteja wetu, alinisikia nikibishana na mtu kuhusu lile gemu la mpira linalotoka kila mwaka. Akasema kama huo mdomo si wa bure, nimwandikie uhakiki wa toleo jipya kwa siku tatu. Ukimpendeza, kazi ni yangu. Usipompendeza, nirudi kwenye fotokopi zangu kimya kimya.

Siku mbili nilicheza, nikaandika, nikachana. Niliandika kuhusu washambuliaji, mvua inavyoufanya mpira uwe mzito, na watangazaji wanaorudia utani uleule wa mwaka jana. Nilipojisomea nilisinzia mwenyewe. Siku ya tatu nikaacha kuufuata mpira, nikamtazama kipa tu. Lo! Mwaka huu kipa anaishi. Timu yake ikishambulia, anasogea hadi ukingoni mwa boksi. Anapanga ukuta kwa kidole. Akifungwa, anauokota mpira wavuni mwenyewe, kichwa chini. Ila kwenye kona ni bwege yuleyule wa tangu utoto wetu: anatoka mbio, anapiga hewa. Nikayaandika hayo, gemu nikalipatia alama saba kati ya kumi.

Mhariri alianza kusoma amesimama, kisha akavuta kiti. Alisema wenzangu wote huandika habari za mabao, akauliza nani alinifundisha kumtazama kipa. Nikamjibu ni kaka yangu. Jumatatu naanza kazi.

Mwaka ule mama alipolazwa, nilikuwa na miaka sita, nikilia kutwa. Ulinipa padi ya pili ya kuchezea gemu lako la mpira, ukaniambia mimi ndiye kipa na wewe ni hao wengine kumi. Rafiki zako walipoitaka, uliwajibu nafasi ina mtu. Nilibonyeza hadi vidole vikaota sugu, na kila kipa alipodaka ulinipigia makofi.

Halafu siku ya harusi yako ukakiri mbele ya watu kwamba padi ile haikuwahi kuchomekwa. Fundi umeme mzima! Watu walivunjika mbavu, lakini wewe uliniomba radhi machozi yakikulenga, na mpaka leo kila tukikutana unairudia.

Kaka, wa kuomba radhi ni mimi. Nilijua. Wiki ile ile ya kwanza nilikuwa natafuta ndala yangu chini ya kochi, nikaukuta mwisho wa waya wa padi yangu, haujachomekwa popote. Niliurudisha palepale, nikaufunika vizuri usije ukajua nimeuona. Niliogopa kwamba nikisema, utaona haya na kunipeleka kwa jirani. Sikujali kudaka mipira. Nilitaka kukaa karibu yako. Mama aliporudi alinikuta nacheka, na kazi hiyo uliifanya wewe. Ahsante, kaka. Ahsante sana.

Njooni Jumapili. Padi za siku hizi hazina waya, kwa hiyo ujanja umekwisha. Lakini golini nakaa mimi.

Mpe wifi salamu zangu zote, na huo mgongo uukande.

Mdogo wako,
Kipa