Maneno ya Nyawa Niliyoyameza

Msambweni, Jumanne, 12 Mei 1964

Mvua ilianza alfajiri na sasa, baada ya alasiri, yamebaki manyunyu. Nimefunga saumu. Tangu nirudi kutoka kazini sijaweza kukaa kitako. Nimepanga vitabu upya, nimekwenda dirishani, nimerudi, nimevipanga tena.

Niandike kwa utaratibu, maana kichwani utaratibu haupo.

Leo hakimu alikuja kutoka Kwale kwa kikao chake cha kila wiki mbili. Ni Mwingereza, mmoja wa waliobakia baada ya Uhuru, na Kiswahili chake ni cha kuagizia chai. Mimi ndiye karani wa mahakama na mkalimani wake. Mtu akisema Kidigo au Kiduruma, mimi hugeuza kwa Kiingereza, na nilisemalo mimi ndilo analoandika yeye.

Kesi ya tatu ilikuwa ya Nyawa, mgema, aliyeshtakiwa kwa kuuza tembo la mnazi bila laiseni. Namjua Nyawa. Mwaka wa pili huu nanywa uani kwake kila nikifunga ofisi, na siku hizi hata asubuhi kabla ya kuifungua.

Alijitetea kwa Kiduruma. Alisema aliomba laiseni tangu kabla ya Ramadhani. Kwa kuwa hajui kusoma, fomu alijaziwa na karani, kisha akampa karani huyo huyo aifikishe Kwale.

Karani huyo ni mimi.

Fomu haikufika. Niliitia mfukoni mwa koti, tukakaa tukanywa, na nilipoikuta tena zilikuwa zimepita wiki tatu. Nikaona haya kuipeleka. Imo ndani ya kamusi yangu hadi leo, na alama ya kidole gumba chake.

Nilimwambia hakimu: anasema aliomba laiseni lakini hakuipata. Basi. Hakimu akataka kujua kama ana ushahidi wowote kwamba aliomba. Nikamfasiria Nyawa swali hilo. Akanitazama, akacheka kidogo.

“Si wewe, mwanangu? Mwambie.”

Nikamgeukia hakimu nikasema hana.

Hukumu ni kesho saa tatu. Askari walipokuwa wakimpeleka rumande, Nyawa alipita mbele ya meza yangu. “Ahsante, mwanangu. Umenisemea.”

Nilijifanya natafuta karatasi.

Watu walipotoka, Omari alifunga mlango. Omari ni tarishi wetu, mtu wa Bodo, amenizidi umri kwa miaka kumi na ushei. Zamani alikuwa mlevi wa kuokotwa mitaroni, kisha akaacha. Huu ni mwaka wa sita.

“Bwana Bakari,” akasema, “Kiingereza sikijui. Lakini neno ‘karani’ kwa Kizungu nalijua, maana hilo ndilo ninalotumwa kila siku, mpelekee karani, mwite karani. Leo Nyawa, kwa Kiduruma chake, kamtaja karani mara mbili. Wewe kwa Kizungu hukumtaja hata mara moja.”

Nilitaka kumkaripia. Badala yake nilikaa chini nikamwambia yote, hata lile nisilomwambia mke wangu, Mwanasha. Kwamba tangu mwaka jana nimeapa mara saba, mkono juu ya Msahafu, kuwa sitaonja tena tembo. Viapo vimo humu daftarini, kila kimoja na tarehe yake. Kila nilipovunja kiapo nilifunga siku tatu za kafara. Kisha nikaapa upya. Siku hizo tatu hazinipi tabu, kwa kuwa najua zina mwisho. Mwanasha huniona nimefunga akafikiri nimezidi ucha Mungu. Leo ni siku ya pili ya kafara ya saba. Nimedanganya mahakamani huku nimefunga.

Omari alicheka, tena si kidogo.

“Kafara ya kiapo si kulisha maskini kumi kwanza? Kufunga ni kwa asiyekuwa na uwezo. Wewe mshahara unao. Mbona hukuwalisha?”

Nikafunga kidau cha wino.

“Nikwambie? Hao kumi wangeuliza wanalishwa kwa sababu gani. Tumbo lako haliulizi.”

Nimeligeuza neno hilo kichwani tangu saa nane.

Akaniambia yeye hakuapa. Kila alasiri, kwa mwaka mzima, alikwenda kukaa kwa shemeji yake fundi cherehani, akimshikia kitambaa mpaka sala ya isha, kwa sababu saa zile ndizo miguu ilizojua njia ya kwa mgema. “Kuanzia leo utakaa na mimi. Utanichosha, nami nitakuchosha.” Akasema pia nisiache ghafla bila kuonwa na daktari. Yeye alipoacha ghafla aliona siafu ukutani usiku kucha, na siafu hawakuwapo. Tutakwenda hospitali pamoja.

“Lakini kwanza Nyawa,” akasema.

Najua. Nikinyamaza, Nyawa atafungwa au atatozwa faini asiyoiweza, kwa kosa langu. Nikisema, ukalimani umekwisha, na pengine ukarani nao. Ni kazi pekee ninayoijua.

Omari yuko nje, barazani kwangu, anakunja mkeka uliolowa. Amekataa kwenda kwake. Hakimu analala nyumba ya wageni ya serikali, si mbali. Nimemwandikia barua kwa Kiingereza, nakala safi ya tatu, na fomu nimeiambatisha. Nilimwomba Omari aipeleke.

“Barua za serikali ndiyo kazi yangu. Hii si ya serikali. Vaa viatu.”

Nimevaa. Sikuapa. Nimemwambia Mwanasha nakwenda wapi na kwa nini, sentensi tatu tu, nikiwa nimesimama. Hakulia wala hakunigombeza. Aliuliza kama nitarudi kufuturu, nikasema nitarudi na Omari.

Barua kwa hakimu imenichukua nusu saa. Lakini kesho asubuhi, kabla ya saa tatu, nitakwenda rumande, na pale hapana wa kunifasiria. Mtu aliyenishukuru nitamwambiaje, kwa lugha yake mwenyewe, kwamba sikumsemea?