Jina la Raudha kwenye Fomu Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kwanza unisamehe kwa hili doa hapa juu, mwanangu Anifa sasa hivi tu kaninyang'anya kalamu akaichovya kwenye kikombe changu cha chai, anasema anakoroga sukari, kisha akanirudishia akaniambia, "Mama, tayari, kunywa," nikacheka mpaka nikasahau nilitaka kuanzaje, basi naanza hivi hivi na kalamu yenye chai.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tatu, naishi Pangani hapa Kibaha na mume wangu Bilali, ni dereva wa bodaboda, pamoja na mama mkwe na huyo Anifa wa miaka miwili na nusu. Kwetu ni Kisarawe, kule Masaki. Shule nilisoma mpaka kidato cha pili na sikuwa mjinga, nisijisifu lakini Baiolojia nilikuwa napata, ila mwaka ule mwezi wa kumi nikavunja ungo, na bibi yangu mzaa baba akasema mwali hatoki. Najua siku hizi wengi wanamweka mtoto ndani likizo ya Desemba, wiki moja, ngoma ikapigwa yakaisha, lakini bibi yangu mila alikuwa anaishika kwa mikono miwili, nikakaa ndani mpaka korosho zote zimeokotwa. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili ukafanyika mimi niko chumbani, nawasikia wenzangu wanapita njiani wanaulizana majibu ya Hisabati, na mengine nilikuwa nayajua, nikawa nayajibu kimoyomoyo. Baba aliulizwa na mwalimu, akasema mtihani upo kila mwaka, uwali ni mara moja. Simlaumu, wala bibi simlaumu, alinipenda na sasa ni marehemu. Januari nikaambiwa nirudie darasa, nikarudia muhula mmoja, nikaona aibu kukaa na wadogo zangu, nikaacha mwenyewe.

Sasa mshauri, hapa ndipo penye fundo. Wazee wa Bilali walipokuja kuposa, msemaji wetu alikuwa shangazi yangu Faudhia, na posa unaijua, mtu anasifiwa mpaka mwenyewe hajijui, basi shangazi akawaambia binti yetu huyu kamaliza Form Four, ni matokeo tu hayakukaa vizuri. Mimi niko chumba cha pili nimejitanda khanga, nimesikia kila neno, nikanyamaza. Nimenyamaza miaka minne sasa.

Kilichonitoa usingizini ni kliniki. Kila mwezi nampeleka Anifa kupima uzito, na siku moja foleni ilikuwa ndefu, nesi mmoja anaitwa Stellamaris yuko peke yake, kinamama wanalalamika hawaielewi ile kadi yenye mistari, mimi nikaanza kuwaelekeza, huyu wako amepanda, huyu amesimama, wewe mama mpeleke wako kwa nesi haraka, ameshuka mwezi wa pili huu. Nesi alikuwa ananiangalia. Tulipobaki wawili akaniuliza nimesomea wapi, nikamwambia sijasomea popote, akasema, "Basi kasome. Mkono wa kazi hii unao, kilichobaki ni karatasi." Nilirudi nyumbani natembea kama sikanyagi chini.

Nikamwambia Bilali nataka kuwa muuguzi. Alifurahi, kwa vile anajua mimi nilimaliza Form Four nikafeli, akasema, "Si unarudia tu, mbona wengi wanarudia." Akaenda mwenyewe kwenye kituo cha masomo ya jioni akanichukulia fomu, na kijiweni kwake keshatangaza, wenzake wakinipita wananiita dokta. Mama mkwe naye kasema yeye kalea sita, huyu mmoja hamshindi, niende nikasome.

Nimefika kituoni, Mwalimu Ponsiano anayesajili akaniuliza namba yangu ya mtihani wa kidato cha pili. Akanieleza kwamba asiyefaulu kidato cha pili haandikishwi Form Four moja kwa moja, anaanza na mtihani wa maarifa, ule wanaouita QT, akifaulu ndiyo Form Four mwaka unaofuata. Nikamdanganya kwamba namba nimeisahau nyumbani, nitaileta. Halafu akaniuliza nataka masomo gani, nikamwambia yale saba ya lazima na niongeze Kemia na Fizikia, akavua miwani akaniambia, "Mama, Fizikia na Kemia zinataka mtu asiye na mtoto mgongoni. Chukua saba upate cheti." Nikamuuliza cheti cha kunipeleka wapi, akasema cheti ni cheti.

Nikampigia shangazi Faudhia kumlilia, maana ule uongo ni wake, na yeye hakuchelewa, anasema tumia namba ya Raudha. Raudha ni bintiye, binamu yangu, alifaulu kidato cha pili vizuri kisha akaacha akaolewa Mtwara, ana miaka ishirini na moja, ana mtoto mchanga, na tumefanana sana, utotoni watu walikuwa wakituchanganya. Shangazi anasema nijaze jina la Raudha na namba yake, nifanye mtihani, nani atajua, tena anacheka, "Jina ni nguo tu, mwanangu. Watu wanaazimana nguo za harusi, sembuse jina." Raudha mwenyewe nilipompigia akasema nichukue tu, yeye hana kazi nalo, ila akatania, akasema, "Sasa ukifaulu, nesi nitakuwa mimi. Wewe utakuwa nani?" Akacheka sana. Mimi tangu siku hiyo nimejaribu kucheka nimeshindwa.

Nimeshaandika jina la Raudha kwenye fomu kwa penseli. Kwa penseli, mshauri, bado linafutika. Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi huu. Kusoma nitasoma, hilo sikuombi ushauri, nimeshaamua, hata kama ni kwa kuficha daftari chini ya unga. Ninachoomba ni njia. Nikishika ya QT, Bilali ataona kwamba sikufika hata Form Three, na mama mkwe atajua waliposa mtu mwingine na si yule waliyeambiwa, na mwaka mzima unaongezeka, Anifa atakuwa na miaka minne bado mimi nasoma. Nikishika ya Raudha yote yanafunikwa. Na yale masomo mawili, je, niyaache kama mwalimu alivyosema au niyang'ang'anie? Bilali si mtu mbaya, hajawahi kuninyanyulia mkono wala sauti, ila ni mtu akisema neno mbele za watu anapenda liwe hivyo, na mimi naogopa nikimwambia ukweli ataniona sijui ni mtu wa namna gani, naogopa ata, subiri mama mkwe ananiita, "Mama Anifa! Mama Anifa njoo umwone mwanao," sijui kaingia kwenye unga, naenda nikirudi nita

MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, doa la chai nimeliona. Limekauka vizuri kuliko uongo wa shangazi yako.

Barua yako imekatika hapo hapo. Niligeuza karatasi nikitafuta upande wa pili, haupo. Naamini Anifa alikuwa kwenye unga na si kwenye moto, na naamini uliikunja barua ukaituma kama ilivyo kwa kuogopa kwamba ukiisoma tena utaichana. Umefanya vema. Sasa kaa unisikilize, maana nimefundisha sekondari miaka ishirini na miwili, na fomu zilizojazwa kwa penseli nimeziona nyingi.

Futa jina la Raudha. Leo, kabla hujaosha vyombo. Shangazi yako anasema jina ni nguo, nami namkumbusha methali anayoijua fika: nguo ya kuazima haisitiri maungo. Kufanya mtihani kwa jina la mtu si ujanja, ni kosa, na likigundulika matokeo yanafutwa na kesi inaanza. Tuseme halikugundulika. Umefaulu, cheti kimetoka, kinasema Raudha. Kitambulisho chako cha taifa hakisemi Raudha. Cheti cha kuzaliwa hakisemi Raudha. Siku ya kuingia chuoni utaweka karatasi tatu mezani kwa karani, nazo zitakusengenya mbele yako. Utakuwa umesoma miaka, na kilichopatikana ni cha mtu aliyeko Mtwara.

Na huyo wa Mtwara umemfikiria? Unasema hana kazi na jina lake. Ana miaka ishirini na moja na mtoto mchanga. Wewe ulipokuwa na mtoto mchanga ulikuwa na kazi na shule? Ulilala mpaka kliniki ikakuamsha. Mwenzako naye siku moja ataamka, aende kusajiliwa, aambiwe wewe mbona ulishafanya Form Four. Utakuwa umemfungia mlango ndugu yako ukiwa umevaa jina lake. Alikuuliza utakuwa nani. Alikuwa anatania, lakini hakuna aliyekuuliza swali la maana zaidi tangu uchukue hiyo fomu.

Sasa masomo. Mwalimu Ponsiano si mtu mbaya. Amewaona kinamama wengi wakianza na tisa wakaishia na matatu, anataka ufaulu. Lakini masomo aliyokuchagulia ni ya safari nyingine. Mtu aliyeko Kibaha anayetaka kwenda kwao Kisarawe akipanda gari la Morogoro atafika mahali, tena pazuri, ila si kwao. Uuguzi unataka Kemia, Baiolojia na Fizikia. Usiniamini mimi wala yeye. Mwombe nesi Stellamaris akuonyeshe mwongozo wa kujiunga na vyuo vya afya, usome kwa macho yako sifa wanazotaka, uzinakili kwenye daftari, urudi nazo kituoni. Ukimwekea mwalimu hiyo karatasi mezani hatakuuliza tena habari za mgongo wako. Wewe muulize yeye: maabara ipo ya kufanyia vitendo? Kama haipo, kituo gani kinayo? Hilo ulijue kabla hujasajiliwa. Ukilijua Oktoba umechelewa.

Watu wengi hupanga masomo kwa kuanzia walipo, wakachoka katikati. Wewe panga kwa kurudi nyuma. Mwisho ni chuo cha uuguzi. Kabla ya chuo ni Form Four yenye yale masomo matatu. Kabla ya Form Four ni QT. Kabla ya QT ni fomu. Na kabla ya fomu, mwanangu, ni Bilali. Umeniandikia habari ya Fizikia, lakini somo unaloliogopa ni hilo.

Usimwambie akiwa na kofia kichwani na mguu mmoja nje. Ngoja pikipiki izimwe, ale, ashushe pumzi. Usianze kwa kulia, wala usianze na shangazi. Sema: "Mtihani wa kidato cha pili sikuufanya, nilikuwa ndani. Waliposema nimemaliza Form Four nilisikia nikanyamaza, na kunyamaza huko ni kosa langu. Sasa nataka kuanzia pale nilipoishia, kwa jina langu." Kisha funga mdomo. Atanuna. Ana haki ya kununa, umemwacha miaka minne ajisifie kitu ambacho hakipo. Mwache anune siku mbili tatu, umpikie, usimbembeleze kupita kiasi. Asubuhi baada ya kumwambia Bilali, mwambie na mama mkwe, wewe mwenyewe, asisikie kwa mtu. Aliyelea sita amesikia makubwa kuliko hayo, na mimi nakuhakikishia uongo wa posa hatauona mgeni, huenda upande wao nao walisema lao.

Unalalamika kwamba mwaka unaongezeka. Mwaka utapita tu, usome usisome. Anifa atatimiza miaka minne hata ukikaa unachambua mchicha. Tofauti ni kama atakukuta una kitabu.

Ratiba yako ni hii. Anifa akilala mchana, Hisabati na Kemia, kichwa kikiwa chepesi. Jioni kituoni, Fizikia usikose hata kipindi kimoja, ndiyo utakayoikimbia. Uraia na Historia utasoma ukisubiri maharage. Baiolojia unaipenda, kwa hiyo ndiyo utakayotaka kuishika kila mara, na ndiyo utakayoinyima muda. Daftari lisikae chini ya unga. Liweke mezani, nyumba nzima ilione.

Jambo la mwisho. Nimeisoma barua yako mara tatu nikitafuta kitu kimoja. Limo jina la Raudha, tena na tena. Limo la Bilali, la Anifa, la shangazi, la mwalimu, la nesi. Lako halimo. Hata aliyekuita alikuita Mama Anifa, na ni jina la heshima, litunze. Lakini siku ya mtihani msimamizi atasimama mlangoni na orodha, na hataita hilo. Ataita lile bibi yako alilokuwa akikuita ulipokuwa ndani ukijibu Hisabati kimoyomoyo. Chukua hiyo kalamu yenye chai, nenda mstari wa kwanza wa fomu, uliandike. Kwa wino.