Sikonzi Tatu za Mama

Kazi tatu, Jumatano tarehe 4 Juni

Farini ya gunia jipya, huu unga wa ngano, iko na vidonge. Nimeichekecha mara mbili. Levire ya kuumulia inatosha chai ya posho moja tu, Jumamosi hii. Margarini imeganda kama sabuni, baridi ya mwezi huu haina huruma. Asubuhi ukungu ulilala juu ya reli mpaka treni ikapiga honi ndani yake, kama mtu anayeita toka usingizini.

Mama anarudi Kaniama siku ya Mungu, Jumapili hii. Macho yake yamepona. Mwezi mzima amekaa kwa kaka yangu, anakula mkate wa wifi kila siku. Kwangu hajaonja hata maji.

Ninajua sababu. Haipunguzi uchungu.

Kazi ine, tarehe 5 Juni

Katika jamaa yetu, mama hali chini ya paa la mkwe wake mpaka mkwe amupe kuku wa kufungua kinywa. Kuku mmoja. Papa Elie, mume wangu, ni mwanajeshi, alizaliwa mbali, huko kwao hawana hiyo. Leo nimemuomba tena. Akacheka.

"Mama Elie, mahari nilitoa yote. Sasa kinywa nacho kiko na fakitire yake ya kulipa?"

Minyi mwenyewe ningenunua kuku, sokoni wamejaa. Lakini lazima atoke katika mkono wake. Mama angejua tu, kwa kumwangalia yule kuku.

Nimemkasirikia mume. Nimemkasirikia mama vilevile. Sikonzi, mikate hii midogo ya Zambia, nilijifunza Ndola kwa kumwoshea mama mmoja vyombo. Hakuna aliyenilipia shule ya kupika. Furu ya kuchomea mikate nilijenga minyi, pipa na udongo. Mji mzima unakula vitu vya mikono yangu. Yule ninayetaka aonje, njo huyo haonji.

Kazi tano, tarehe 6 Juni

Hesabu ya kesho, posho: vikombe sita vya farini vinatoa sikonzi ishirini na nne. Sisi wawili, watoto watatu, kaka, wifi, mama. Bantu nane, kila mtu tatu. Inafungana vizuri. Lakini kila posho zinabaki tatu kwenye sahani, watoto wanazipigania, na mama amekaa kwenye mkeka anatazama moshi.

Mchana nilisinzia, mikono ndani ya unga. Niliota farini inanyesha juu ya mji wetu wote wa Kamina, polepole, juu ya kambi, juu ya kanisa, juu ya reli. Bantu walitembea bila sauti. Mama alifungua kinywa kama mutoto, ikamwangukia kwenye ulimi.

Harufu ya kuungua iliniamsha. Mikate ya kuuza, safu ya nyuma yote, nyeusi. Nilisimama na hasira zangu mbele ya furu, nikaufuata moshi kwa macho. Ulipita juu ya ua, ukatoka njiani bila kuomba ruhusa.

Paa ni la mkwe. Ua ni wa mkwe. Njia iko ya nani?

Posho, tarehe 7 Juni

Nimetoa meza nje ya ua. Kitambaa cheupe, birika, vikombe vyote. Papa Elie alisimama mlangoni.

"Mwanajeshi anywe chai njiani? Majirani watasema nini?"

Nikamwambia basi, weye baki ndani. Akabaki.

Ukungu ulikuwa mzito. Meza ilikuwa kama inaelea. Hatukuona nyumba ya jirani, wala jirani hakutuona. Mungu mwenyewe alinijengea ukuta.

Mama alikuja na fimbo yake, kaka na wifi nyuma. Aliangalia paa letu, akaangalia ua, akapitisha mkono juu ya kitambaa.

"Hapa iko pa nani?"

"Hapa iko njia, mama."

"Na farini?"

"Yangu."

"Na furu?"

"Nilijenga minyi."

Akakaa kwenye benchi. Akavunja moja katikati, mvuke ukampanda usoni. Alitafuna macho yamefungwa. Muda mrefu.

"Chumvi haitoshi," alisema. "Lete ingine."

Alikula tano. Hesabu yangu ilivunjika, watoto wakalalamika. Sijafurahi hivyo tangu nilipowasha furu mara ya kwanza.

Kisha nikasikia viatu vya kijeshi. Papa Elie, macho chini, amebeba kiti chake chenye mgongo. Hakupita mbele ya mama, kama mkwe wa kwetu. Alizunguka kwa nyuma, akakiweka karibu naye, akarudi ndani. Nani alimfundisha? Minyi hapana.

Mama hakugeuka. Alihamia kwenye kiti, akaegemea, akauambia ukungu kwa sauti ya kufika mpaka chumbani:

"Muntu ule iko na heshima. Amekosa tu kuku."

Wifi alipaliwa na chai.

Siku ya Mungu, tarehe 8 Juni

Mama ameenda. Alipanda pikipiki ya Kaniama, kichwa amefunga na shali yangu. Alfajiri nilichoma sikonzi nyingine, nikaongeza chumvi. Alizipakata mapajani, zikiwa na moto bado.

Papa Elie alikuwa kazini kambini. Jioni alikula ugali, nami nikaosha vikombe.

Kazi moja, tarehe 9 Juni

Meza imerudi ndani ya ua. Kwenye mguu wake amefungwa kuku mwekundu. Papa Elie alimfunga kwa mkono wake, akavaa kofia, akaenda kambini.

Watoto nimewaambia: huyu hachinjwi. Anamngoja mama.

Ukungu umeondoka mapema. Jua limefika mpaka kwenye furu. Nimekung'uta kitambaa cheupe, na kuku anadonoa makombo chini ya meza, moja, moja, moja. Nilianza kuhesabu. Nikaacha.