Geji Zilizomficha Mama Mkwe

Mama Hyasinta,

Gari lako bado linapumua. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla ya kahawa na kabla yangu mimi mumeo.

Tangu tukuzike lilikaa chini ya turubai, kuku wakilifanya lao. Wewe ndiye uliyelishusha ziwani kufuata dagaa; mimi nilikuwa mtu wa shamba na wa kukaa kiti cha kushoto. Watoto walitaka tuliuze. Lakini kitandani ulisema, "Msiliuze, wala msiliue," nami niliogopa hilo la pili. Injini ya turbo ukiichosha mlimani huungua kimyakimya, na masikio yako mimi sina. Na mama yako kule Mbaha, ufukweni, ambaye ugonjwa ulimzuia kuja kukuzika, kila siku alikuwa akiuliza ataliona lini kaburi lako. Kwa magoti yale, hawezi kupanda basi.

Basi nikanunua geji, visaa vya kupimia hali ya injini. Muuza spea wa Mbinga mjini, yule mwenye asili ya Kilwa, alinitandazia tano zenye taa za rangi. Nikamwambia natafuta za kunionya, si za kunipamba. Nilichukua tatu: ya presha ya turbo, ya presha ya oili, na ya joto la moshi, ambayo waya wake unaingia ndani kabisa ya bomba la eksozi. Jirani alichungulia dirishani akauliza, "Saa tatu zote hizo, una haraka ya kwenda wapi?"

Fundi Ditram alizipanga kwenye nguzo ya kioo cha mbele, upande wangu wa kulia, kama alivyoona kwenye magari ya vijana. Zilipendeza kweli. Nikashuka nazo kumchukua mama yako, na pale Mbaha nikampita. Alikuwa amesimama kandokando ya barabara na fimbo yake, geji zimemfunika kuanzia kilemba mpaka magoti. Nilifika kwake nikakuta mlango umefungwa. Aliporudi nilipiga magoti, "Shikamoo mama." Akasema, "Mkwe amenunua macho ya kutazama injini. Ya kutazama watu hana." Hakupanda gari siku ile, na mimi sikuwa na uso wa kumsihi.

Nikamrudia Ditram, zikang'olewa. Hii ya joto la moshi sasa iko juu ya dashibodi, nyuma tu ya usukani, chini kidogo ya macho, isizibe barabara. Ya oili iko jirani yake. Ya turbo nimeisogeza kushoto, maana hiyo ni ya kujua tu. Halafu tukazigeuza zile mbili kwenye matundu yake, ili gari likipanda salama mishale isimame wima, kama waumini wakati Injili inasomwa. Anayesinzia unamwona bila kumtafuta.

Juzi mama alikubali. Tulipanda mlima ziwa likiwa limejaa kwenye kioo cha nyuma, injini ikiimba vilevile, sikusikia tofauti yoyote. Ghafla mshale wa joto ukaanza kuinama. Nikabadili gia, taratibu ukasimama tena. Mama akasema bila kugeuka, "Naye alikuwa anabadili hapa hapa."

Mama Hyasinta, niliogopa, na si kwa ajili ya gari. Nilikumbuka ulivyokuwa ukikatiza neno katikati, unabadili gia, kisha unamalizia neno lile lile. Moto ule mimi nimeujua kwa waya uliotumbukizwa ndani yake. Wewe uliusikia huku ukisimulia harusi ya watu. Nimelala na wewe miaka yote ile nikidhani nakujua. Machozi yalinitoka, na mama yako, kwa adabu, alitazama migomba.

Kaburini hakulia. Aliketi chini, akaondoa majani yaliyoanguka, akaweka kiganja juu ya udongo akasema kwa Kinyasa kwamba amefika. Akakaa hapo mpaka jua lilipopungua makali.

Leo amelala chumba cha Hyasinta. Ataondoka akitaka mwenyewe, nami nitamshusha polepole. Pumzika, mke wangu. Nakuahidi: siku yoyote atakayotamani kukuona, hatahitaji kuuliza lini.

Mumeo,
Baba Hyasinta